Umri Si Bei: Fimbo ya Mwanzi ya Kuvulia Trauti

Huku kwetu nyanda za juu kusini kuna imani iliyoota mizizi kwamba kitu cha mzungu kikishakaa miaka mingi lazima kina fedha ndani yake. Ndiyo inayowafanya watu wachimbe misingi ya maboma wakisaka rupia za Mjerumani, na ndiyo inayovumisha habari za zebaki iliyojificha ndani ya cherehani na redio za kizamani. Leo nataka kuipima imani hiyo kwa kitu kimoja tu, tena chepesi kuliko panga: fimbo ya mwanzi ya kuvulia samaki. Nasema ile nyembamba, ya vipande viwili au vitatu vinavyochomekana, yenye mpini wa koki na vipete vya kupitishia mshipi, aina ambayo inaweza kukutwa darini au nyuma ya kabati katika nyumba zilizokaliwa zamani na mameneja, mapadri na madaktari wa Kizungu. Dalali wa Makambako akiiona atasema ni mali ya Mjerumani na atataja mamilioni. Jirani atasema ni mwanzi tu, itafaa kuning'inizia pazia. Hoja yangu ni kwamba wote wawili wamepotea njia ileile: mmoja anatazama miaka, mwingine anatazama mti, na hakuna anayetazama namna kitu chenyewe kilivyotengenezwa wala kimebaki kizima kiasi gani. Bei imo katika hayo mawili.

Tuanze na sababu ya fimbo ya namna hii kuwepo Njombe. Trauti ni samaki wa maji ya baridi yanayokwenda kasi, na Afrika Mashariki hakuwepo mpaka alipoletwa. Kenya alifika mwaka 1905, mayai yakitoka Loch Leven kule Scotland, yakatiwa katika mto Gura kwenye milima ya Aberdare. Baadaye samaki huyo akapandikizwa katika mito ya nyanda zetu pia, na hadi leo yumo katika vijito vya Kitulo na katika mabwawa ya mashamba ya chai ya Mufindi. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Anayeamka alfajiri ya Juni na kukuta umande umeganda kwenye majani hahitaji kuelezwa kwa nini walowezi waliiona mito ya huku na kukumbuka kwao. Kisha ikaja Kampuni ya Miwati ya Tanganyika, hii tunayoiita TANWAT, iliyoanzishwa 1949, pamoja na nyumba zake za mameneja pale Kibena. Meneja wa namna hiyo alisafiri na bunduki yake, vitabu vyake, na mara nyingi fimbo yake ya kuvulia. Alipoondoka, bunduki ilikuwa na leseni na ilibidi ajue inakwenda wapi. Fimbo haikuulizwa na mtu.

Sasa hapa hapa, kabla hata ya kuishika fimbo, hadithi ya Mjerumani inaanza kuyumba. Fimbo bora za karne ya 20 zilitengenezwa kwa mwanzi mmoja mahususi kutoka China, unaoitwa na wafanyabiashara mwanzi wa Tonkin, ingawa hautoki Tonkin bali katika vilima vya Guangdong, kandokando ya mto Sui. Kabla yake watengenezaji walitumia mwanzi wa India uliosafirishwa kupitia Calcutta, ambao mara nyingi ulikuwa na alama nyeusi za kuunguzwa kwa moto. Mwanzi wa Tonkin ulishika soko hasa baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, na wakati huo bendera ya Mjerumani ilikuwa imekwisha kushushwa Njombe. Fimbo nyingi za mwanzi zilizobaki duniani ni za kati ya miaka ya 1920 na 1960. Kwa hiyo ukiona fimbo yenye papi safi za rangi ya asali, zisizo na mabaka ya moto, kisia enzi za Mwingereza, na pengine miaka michache tu kabla ya uhuru. Dalali hatafurahi, ila hapo tumekwisha kujua jambo moja la kweli.

Niseme kidogo kuhusu kazi iliyomo, maana bila kuielewa hakuna bei inayoeleweka. Uvuvi wa trauti hutumia nzi bandia wa manyoya na uzi, asiye na uzito wowote. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, nao unarushwa na fimbo inayopinda kisha ikarudi kwa nguvu na kwa mwendo mmoja. Mwanzi mzima haufanyi hivyo vizuri, kwa sababu una uwazi katikati na vifundo visivyolingana. Basi fundi hupasua mwanzi, huchukua papi za ganda la nje tu ambako nyuzi zimesongamana, huzipiga randa mpaka kila papi iwe na pembe tatu, kisha huzigundisha sita sita, ganda likitazama nje. Ukikata fimbo hiyo utaona umbo la pembe sita lisilo na uwazi. Kila papi hupungua unene kutoka kwenye mpini hadi nchani, na fundi mzuri hupima upungufu huo kwa sehemu ya elfu ya inchi. Fimbo ya vipande vitatu yenye ncha ya akiba ina papi 24, na vifundo vyake vimepishanishwa ili viwili visikae sambamba na kufanya mahali dhaifu. Hii ndiyo sababu ya maneno “ni mwanzi tu” kutokuwa na maana.

Lakini naijua nguvu ya maneno hayo katika mkoa huu. Huku mwanzi si kitu adimu. Milanzi imejaa mabondeni, masika watu wanagema ulanzi, mbeta za kuukingia zinafungwa kwenye machipukizi asubuhi na jioni, na mtogwa, yaani ulanzi mtamu, unauzwa barabarani kwa kikombe. Wasukaji wa vikapu vya huku pia wanajua kwa vidole vyao kile alichojua fundi wa Uingereza: kwamba nguvu ya mwanzi iko kwenye ngozi yake, na nyama ya ndani ni ya kutupa. Mtu aliyezungukwa na mwanzi namna hii ana haki ya kushangaa kwamba papi 24 za mwanzi zinauzwa kwa bei ya mbuzi, achilia mbali bei ya ng'ombe. Jibu ni kwamba mnunuzi halipii mwanzi. Analipia saa za randa, jina la mtu au kiwanda kilichoaminika, na uhakika kwamba fimbo bado inarusha kama ilivyokusudiwa. Ukiondoa kimojawapo, bei inashuka. Ukiondoa cha mwisho, inakaribia sifuri.

Jina, basi. Tafuta maandishi kwenye shina la fimbo, juu kidogo ya mpini wa koki, na kwenye kitako cha chuma mahali kigurudumu cha mshipi kinapofungwa. Katika nchi iliyotawaliwa na Mwingereza, jina linalotarajiwa zaidi ni Hardy, kampuni iliyoanzishwa 1872 huko Alnwick, kaskazini mwa Uingereza. Fimbo zao za mwanzi wa kupasuliwa zilibeba alama ya Palakona, jina la mtindo kama vile “Perfection” au “C.C. de France”, na nambari ya fimbo. Nambari hiyo ni ushahidi mzito kuliko mengine yote, kwa kuwa huweza kulinganishwa na kumbukumbu za kiwanda zilizobaki na kutoa kipindi ilipotengenezwa. Sharpe's wa Aberdeen walijulikana kwa mwanzi ulioloweshwa utomvu ili usidhuriwe na maji. Allcock na Milward, wote wa Redditch, walitoa fimbo nyingi za bei ya mtu wa kawaida. Ukikuta Pezon et Michel ya Ufaransa, yenye neno “Parabolic”, hiyo ni mitindo iliyobuniwa na Charles Ritz, mtoto wa mwenye hoteli ile ya Paris, na wanunuzi wake wapo. Za Kimarekani kama Leonard na Payne ndizo zinazofika maelfu ya dola, lakini kuzitarajia Makambako ni kujidanganya.

Fimbo nyingine haina jina kabisa, kwa sababu wino umefutika au kwa sababu iliuzwa na duka bila kutaja mtengenezaji. Hapo mikono ndiyo inayosoma. Viungio vya chuma, yaani vile vikopo vidogo ambamo kipande kimoja huingia katika kingine, vikiwa vya shaba nyeupe iliyochongwa vizuri na kutoa mlio kidogo vinapotenganishwa, ni dalili njema. Vikiwa vya shaba ya njano iliyopakwa rangi ya kung'aa inayobambuka, ni kazi ya bei nafuu. Kipete cha kwanza karibu na mpini kikiwa na jiwe la akiki ndani yake, aliyeinunua alilipa. Nyuzi za hariri zilizofungwa karibu karibu kwa urefu wote wa fimbo huelekeza kwenye zama ambazo mafundi hawakuiamini gundi peke yake, kwani gundi ya wanyama hulegea kwenye joto na unyevu. Angalia pia kama kweli ni mwanzi: fimbo nyingi za kale ni za mti mgumu wa Guyana uitwao grinhati, ambao ni mviringo, mzito, hauna vifundo wala pembe sita, na wanunuzi wake ni wachache. Na kuna kundi moja linalowapumbaza wengi kila mahali, nalo ni fimbo za Kijapani zilizouzwa baada ya Vita ya Pili katika sanduku la mbao lenye picha za samaki, vipande vitano au sita na ncha za ziada, nyuzi za rangi rangi. Zinapendeza machoni kuliko Hardy. Bei yake haitoshi nauli ya kuzipeleka Dar es Salaam.

Twende kwenye hali ya fimbo, maana hapa ndipo bei nyingi zinapokufa. Kwanza pima vipande vyote kwa futi ya fundi, toka mdomo wa kiungio hadi mwisho. Fimbo ya vipande viwili ya futi 9 inatakiwa iwe na vipande viwili vyenye urefu unaolingana, na kama ina ncha mbili, ncha zote ziwe sawa. Ncha moja ikipungua inchi tatu, ilivunjika na mtu akabandika tena kipete juu yake. Fimbo hiyo imepoteza sehemu kubwa ya thamani hata kama jicho halioni kasoro. Kisha iunganishe, ishike usawa wa macho na uizungushe polepole ukielekea dirishani. Ikionyesha upinde usiorudi, ilikaa imeegemezwa ukutani au ilivua samaki wazito kupita kiasi. Upinde mdogo kwenye ncha unasameheka, mkubwa hausameheki. Pitisha kucha kwenye kila pembe kutafuta mahali papi zimeachana, hasa karibu na viungio, ambako unyevu wa Njombe huingia na kubaki. Tazama vitundu vya dumuzi. Tazama koki kama panya wamekula. Mwisho tafuta mfuko wa kitambaa na bomba la kuhifadhia, kwa kuwa fimbo kamili yenye mfuko wake wa awali inauzika kwa urahisi zaidi kuliko dada yake aliye uchi.

Hapo utaona kwa nini nasema umri si bei. Hardy ya 1955 iliyonyooka, yenye ncha zake mbili na mfuko, itaishinda Hardy ya 1912 iliyopinda na kukatika, mara nyingi bila ushindani. Na hata hiyo nzima tusiipambe: fimbo za kawaida za Hardy za mwanzi huuzwa katika minada ya Uingereza kwa makumi ya pauni, zikipanda hadi mia mbili hivi zikiwa nzuri. Ni fedha, tena fedha inayoweza kulipa ada ya mtoto muhula mmoja, lakini siyo ya kujenga nyumba wala ya kugombana na ndugu.

Wapo watakaonipinga kwamba kitu ni bei ambayo mnunuzi yuko tayari kutoa, na kama Makambako kuna mtu wa kutoa milioni moja kwa sababu anaamini ni ya Mjerumani, basi thamani yake ni milioni moja. Hoja hiyo ina ukweli wa sokoni, nami siwezi kuitupa. Ila bei inayosimama juu ya uvumi huishia kwa mtu wa mwisho kwenye mnyororo, yule anayefika na fimbo kwa mtu anayeijua na kuambiwa ukweli. Makambako ni njia panda. Barabara ya Zambia na ile ya Songea zinakutana hapo, na reli ya TAZARA inapita hapo tangu miaka ya 1970. Bidhaa za uvumi hupita humo kwa kasi, na mtu wa mwisho kwa kawaida ni mwenye kipato kidogo aliyeuza mahindi yake. Anayejua kusoma nambari karibu na mpini hana haja ya kuwa huyo.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Mtu anaweza kuuliza: ikiwa ukamilifu na jina la fundi wa Alnwick ndivyo vinavyoamua, je, miaka yote ambayo fimbo hiyo imekaa Njombe haina thamani? Inayo, lakini kwa sharti la ushahidi. Jina la mwenyewe lililoandikwa kwa wino kwenye mfuko, kibali cha uvuvi kilichokunjwa ndani ya bomba, picha, barua ya dukani, kisanduku cha nzi bandia kilichokutwa pamoja nayo: hivi vinaigeuza fimbo kutoka kifaa cha kuvulia kuwa shahidi wa namna watu fulani walivyoishi katika mashamba ya miwati na chai. Shahidi wa hivyo anafaa zaidi makumbusho au shule ya hapa kuliko mnada wa ng'ambo, hata kama hawatatoa pauni. Bila karatasi, hadithi ya “ilikuwa ya meneja wa Kibena” ni maneno, na maneno hayaongezi hata shilingi. Ndiyo maana anayekuta fimbo asitenganishe vitu vilivyo pamoja nayo, na asitupe mfuko kwa kuwa umeoza.

Kuna pia suala la mwenyewe, ambalo dalali hulipita haraka. Kitu kilichokutwa kwenye dari la nyumba ya kampuni au ya misheni hakiwi cha fundi aliyebadilisha bati kwa sababu yeye ndiye aliyekiona. Kwa upande wa sheria, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 iliweka mpaka wa mwaka 1863 kwa vifaa vinavyohesabiwa kuwa kumbukumbu za kale, na fimbo ya mwanzi wa Tonkin haikaribii mwaka huo. Lakini sheria ya wizi haijali mwaka.

Kosa linaloharibu fimbo nyingi, hata hivyo, si wizi wala dalali. Ni upendo wa mwenye nayo. Mtu anaikuta ina vumbi, anaipiga msasa, anaipaka vanishi ya milango, anafunga kipete kilicholegea kwa uzi wa nailoni wa kushonea mifuko, na pale papi zilipoachana anamwaga supaglu. Kwa msasa ameondoa maandishi ya Hardy na nambari, pamoja na ganda la mwanzi lenyewe lililobeba nguvu zote. Kwa vanishi nzito amezuia fimbo kupinda. Kitambaa laini chenye unyevu kidogo kinatosha kwa vumbi. Viungio vilivyokwama visizungushwe kwa koleo. Picha zipigwe mchana, za maandishi, za kila kiungio, za ncha zote mbili zikiwa sambamba na futi, nazo zitumwe kwa mnada au kwa mjuzi kabla kitu chochote hakijaguswa.

Baki la hesabu ni usafirishaji, na hapo ndipo ninapokuwa mkali kwa wanaoota Ulaya. Fimbo ya vipande viwili ya futi 9 inahitaji bomba la karibu futi tano, gumu, lililofungwa vizuri, na kifurushi cha urefu huo hutozwa kwa umbo lake badala ya uzito wake. Kwa fimbo ya pauni 60, ukishatoa nauli ya kuitoa Makambako, ada ya kuituma nje na kamisheni ya mnada, unachobaki nacho ni chenji. Fimbo ya namna hiyo, ikiwa imenyooka na viungio vyake vinashika, mnunuzi wake yuko karibu zaidi: Mufindi, saa chache kwa gari kutoka hapa, ambako wageni bado wanavua trauti na ambako mwenye nyumba ya wageni anaweza kuitundika ukutani mwaka mzima na kuishusha anapotokea mgeni anayejua kuitumia. Huko haitauliziwa ni ya Mjerumani au la. Itaulizwa kama inarusha.